Dona Zulmira na Kikombe cha Kuombea Sukari

Zulmira Quitéria Barcelos ni binti wa Firmino Barcelos, yule aliyekuja Rio kutoka Paraíba kasimama nyuma ya lori na kigunia cha unga wa muhogo, akasimika kibanda cha mbao mahali ambapo hata mbuzi waliteleza. Ni binti wa Quitéria, aliyepandisha maji kichwani kutoka bomba la bondeni mpaka nywele za utosini zikakataa kuota. Ni mjukuu wa Sebastiana mkunga, ambaye nusu ya wanaume wanaojidai leo hapa kilimani Boa Hora walilia kilio chao cha kwanza mikononi mwake. Na mwenyewe Zulmira ndiye aliyejenga nyumba ya kwanza ya matofali katika Kichochoro cha Mpera, ndiye aliyelea watoto wanne bila mume kwa kodi za vyumba vyake, na ndiye aliyewafundisha wengi wetu kwamba mtu aliyefua nguo za wenzake tangu usichana anaweza naye akawa mwenye nyumba.

Boa Hora ardhi iliisha zamani. Anayetaka kujenga hununua dari, yaani paa bapa la zege la mtu mwingine, akapandisha kuta zake juu yake. Siku ya kumwaga zege la paa lake mwenyewe, majirani hupanda na ndoo mabegani tangu kunapopambazuka, naye huwapikia sufuria kubwa la maharage meusi yenye masikio na mikia ya nguruwe. Hakuna anayelipwa na hakuna anayealikwa. Watu huja tu, kwa sababu wewe ulikwenda kwao.

Zulmira aliianza kazi hii kwa kosa, na kosa hilo hulisimulia kwa majivuno, kama mwingine anavyosimulia harusi yake. Alinunua dari ya Mzee Honorato, dari ngumu, nzuri. Akajenga chumba, akakipaka rangi ya samawati. Siku ya kuhamia ndipo alipogundua kwamba hakuuliza ngazi ni ya nani. Ngazi ilikuwa ya shemeji yake Honorato, na shemeji mtu alikuwa hasemi na Honorato. Mwaka mzima Zulmira aliingia nyumbani kwake kwa kupitia dirisha la jirani. Jirani na mkewe wako mezani, Zulmira anakanyaga stuli, anavuka kwenye kizingiti.

"Karibu chakula, Dona Zulmira!"

"Asante, jirani, napita tu."

Tangu hapo akawa mtu wa kuuliza. Akanunua kikombe cha bati, ambacho sasa rangi yake imebanduka kote, na kila alipotaka kujua habari za dari fulani, alikwenda nacho kwa jirani wa dari hiyo kuomba sukari. Kwake sukari ilikuwepo, kopo zima. Lakini aliona kwamba mtu akikupimia sukari hawezi kukaa kimya, na hapo mlangoni utasikia maji hupanda siku gani, nguzo zilimwagwa na fundi yupi, na nani kalala na hasira na nani.

Watu walipoona vyumba vyake vinaongezeka na havivuji, wakaanza kumjia. Alikuja kijana wa duka la dawa, akaja dereva wa teksi, wakaja ndugu wawili wauza samaki. Wote aliwafundisha mezani kwake jikoni, huku anamenya vitunguu. Fedha hakupokea. Ada yake ilikuwa moja: ukishapata nyumba yako, siku mwenzako anapomwaga zege huna ruhusa ya kuumwa mgongo.

Na somo lililokuwa juu ya masomo yake yote lilikuwa la anga. "Ukinunua dari, nunua na anga yake," alikuwa akiwaambia, kisu kikielekea juu. "Leo unajenga chumba, unalala. Kesho paa la chumba chako nalo ni dari. Unaijenga, unapangisha, unazeeka huku unakula. Au unaiuza. Sasa wewe ukubali muuzaji akuambie anga ni yake, basi umenunua mfuniko wa sufuria!"

Alhamisi moja akaja Luzineide Fragoso, mwanafunzi wake wa miezi kadhaa, ambaye sisi sote tulimwita Neide. Neide alikuwa akipaka watu rangi za kucha katika saluni ya bondeni, na hata akinawa namna gani alinukia ile dawa ya kufutia rangi. Aliishi na binti yake Talita katika chumba cha kupanga kisicho na dirisha, na kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga mluzi kila kunapokuwa na unyevu, na chumbani mle unyevu ulikuwa wa kila siku. Alikuwa ameweka akiba miaka tisa, kucha kwa kucha.

"Dona, nimepata dari!"

"Umeipata, au imekupata?"

"Juu kwa Mzee Ozéas. Upepo, Dona! Ukisimama pembeni unaona na kipande cha bahari. Na bei yenyewe..." Akainama, akaitaja kwa kunong'ona, kama vile vitunguu vingeweza kusikia.

Dona Zulmira akaacha kumenya. "Rudia."

Neide akarudia.

"Kwa bei hiyo hata banda la kuku hununui. Ina ugonjwa gani?"

"Haumwi, Dona. Ni mzee tu, anarudi Paraíba kwa binti yake."

"Sikuuliza Ozéas. Dari ina ugonjwa gani?"

Neide akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akaeleza kwamba walikwisha kuja wanunuzi wawili mbele yake, mmoja mpaka alileta mchanga na kokoto, na wote waliacha. Ozéas alisema walikuwa na roho nyepesi. Na alimpa Neide mpaka Jumapili aamue.

"Nikiikosa hii sipati nyingine," Neide alisema. "Na nikiinunua ikawa mbovu, ndiyo miaka tisa imekwenda. Talita atakuwa mama yuko mle mle gizani."

Dona Zulmira alikwisha kuvua aproni. Sijui kama ni huruma iliyomwinua. Nadhani zaidi ni lile swali. Wanunuzi wawili, bei ya kuku, na bahari unaiona: lilimwasha kama upele.

Waliipanda ngazi ya nyumba ile. Chini kabisa aliishi Dona Cremilda, mjane. Juu yake Ozéas, dereva wa basi mstaafu. Juu ya Ozéas ndiyo dari yenyewe, wazi, yenye upepo kama ilivyosemwa. Ozéas aliwapokea kwa kofia mkononi, akaketi upesi kwenye kistuli maana magoti yake yalikuwa yameisha.

Dona Zulmira alipiga kisigino sakafuni hapa na pale, akasikiliza. Akachungulia vichwa vya nondo vilivyoachwa vimechomoza pembeni. Akazunguka tangi la maji. Hakuona kasoro. Ile ilikuwa dari ya kumbebea mtu ghorofa mbili bila kulalamika. Wakati huo Neide anatembea huku na huku amenyoosha mikono, anajenga kwa macho. "Hapa dirisha la Talita. Hapa jiko. Hapa dirisha jingine, dogo, la bafuni!"

"Binti, acha madirisha. Njoo uone viti."

Kando ya ukuta mdogo kulikuwa na viti vimepinduliwa, na hapakuwa na viwili vilivyofanana. Kimoja cha plastiki cha baa, kimoja cha mbao kimefungwa waya, kimoja cha ofisini kisicho na magurudumu, kimoja kizito cha kinyozi, chenye chuma cha kuegemeza kichwa.

"Mzee Ozéas, unaishi na nani?"

"Peke yangu, tangu Palmira alipofariki."

"Na viti vyote hivi vyako?"

"Vya wageni."

"Ebo! Wageni wako huja na viti vyao?"

Ozéas akacheka kidogo, akageukia kile kipande cha bahari kana kwamba kimemwita.

Dona Zulmira akaendelea kutazama. Kamba za nguo zilikuwa nyingi kuliko nguo za mzee mmoja. Sakafu ilikuwa na baka jeusi la moto wa kuchomea nyama. Mifupa ya tiara iliyovunjika ilikuwa imenasa kwenye bomba la tangi. Na dari nzima ilikuwa imefagiwa, safi, hadi kwenye pembe.

"Nani anafagia hapa?"

"Mimi."

Akayatazama magoti ya mzee yule. Aliposhuka ngazi alikuwa anatembea haraka, na kikombe cha bati kimekwisha kutoka kwenye mfuko wa gauni.

"Tunakwenda kwa Cremilda," alimwambia Neide. "Wewe utakaa, utakunywa ukipewa, utanyamaza. Neno moja likikutoka nakurudisha saluni."

Dona Cremilda alifungua mlango nusu. Akamtazama Zulmira, akakitazama kikombe.

"Naomba sukari kidogo, jirani."

"Zulmira Barcelos. Mwenye vyumba hata hesabu imekushinda. Huna sukari?"

"Imeniishia, mwenzangu."

"Imekuishia tangu mwaka gani? Maana dada yangu kule Pedreira naye ulimwomba, na wiki ya pili ukanunua dari ya pembeni yake. Kikombe hicho kinajulikana kuliko padri."

Dona Zulmira akakirudisha kikombe mfukoni. "Basi nipe kahawa. Na mimi nimechoka kujifanya."

Waliingia. Mchana ulikuwa mkali nje, lakini kwa Cremilda taa ilikuwa inawaka. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeota ukungu. Kahawa ikaletwa, tamu, na maneno yakakataa kuja. Hali ya hewa, nzuri. Bei ya nyama, mbaya. Habari za juu? Cremilda akafunga midomo kama mfuko wa kamba.

Aliyevunja amri alikuwa Neide. Alikuwa anautazama mguu wa Cremilda ndani ya ndala, kidole gumba kimevimba, ukucha umeingia nyamani.

"Mama, hicho kidole kinakuuma."

"Kinaniuma tangu mwaka jana. Wewe nani?"

"Mimi ni wa kucha. Nipe huo mguu."

Hata kabla Zulmira hajamtolea macho ya kumkemea, Neide alikwisha kukaa chini, mkoba wake wazi, beseni la maji ya moto na chumvi limeletwa. Akalowesha, akasugua, akaanza kuuinua ukucha taratibu kwa kijiti. Cremilda akafumba macho. Na huku amefumba macho, mdomo ukafunguka.

"Wewe ndiye unayetaka kulinunua jua letu," alisema.

"Jua gani, mama?"

"Hilo la juu. Tazama humu ndani. Unaona jua? Kichochoro kizima, sisi wa chini, tunaishi kama viazi kwenye gunia. Ozéas na Palmira walikuwa na paa la mabati, dhoruba ikalichukua lote, likaangukia kwa wachoma mkate. Walibaki na mbingu. Nani alikuwa na fedha? Hakuna. Basi kila nyumba ikaleta mfuko wa saruji. Mwingine nondo za uzio wa zamani. Mimi na marehemu wangu tulitoa mchanga tuliouweka kwa ajili ya jiko letu. Tukamwaga zege lile siku moja. Na Ozéas, miguu ikiwa bado na saruji mbichi, akasimama mbele yetu wote akasema: zege hili ni lenu, na jua lake ni lenu, siku zote. Polepole hapo, mwanangu."

"Samahani, mama."

"Tangu siku ile Jumapili yetu iko kule. Kinyozi Adauto ananyoa kule. Watoto wachanga wanaoteshwa jua kule. Mimi nafua, naanika, naketi. Nina kiti changu, kile cha mbao chenye waya. Sasa Ozéas amezeeka, anataka kwenda kwa binti yake, anauza. Haya, auze. Lakini anawaambia wanunuzi kuhusu bahari. Kuhusu sisi hasemi."

"Na yule aliyeleta mchanga?" Dona Zulmira aliuliza. Alikuwa ameinamia mbele, kahawa imempolea mkononi.

"Maskini! Alipika maharage ya kulisha jeshi. Tulinusa tangu asubuhi hadi jioni. Hakupanda mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa na njaa, nikala mkate mkavu humu ndani nimefunga mlango. Mvua ikaja, ikaondoka na mchanga wake. Wa pili hata kufika kwenye maharage hakufika. Kila alipotaka kupitisha mifuko, mlango fulani ulikuwa umefungwa."

"Hamkuwaambia sababu?"

"Hawakuuliza. Yule wa kwanza mpaka leo anafikiri ni chumvi ilizidi."

Njiani Dona Zulmira alikuwa kama mtu aliyeshiba. Swali lake limejibiwa, basi. Uamuzi aliutoa hapo hapo kwenye ngazi: "Achana nayo. Ni dari nzima, lakini haiuziki. Tutatafuta nyingine."

"Dona," Neide alisema, "na tukilipandisha?"

"Tukipandisha nini?"

"Jua. Nijenge chumba changu pale juu, kisha paa langu mimi liwe lao. Na ngazi iwe ya nje, isipite kwangu. Wapande moja kwa moja. Wanakaa palepale, ghorofa moja juu zaidi."

Dona Zulmira alisimama. "Unajua unachosema? Huna anga! Hutajenga tena juu, hutapangisha, hutauza. Watu watacheza karata juu ya kichwa chako mpaka unazikwa. Nimekufundisha nini mimi, miezi yote hii? Kupika?"

"Umenifundisha kuuliza. Nimeuliza."

"Kauulize ubongo wako kwanza!"

"Dona, anga uliitaka wewe. Wewe ulikuwa na watoto wanne na hamu ya vyumba. Mimi nina mmoja, na ninataka dirisha."

Hayo Zulmira Barcelos alikuwa hajawahi kuambiwa na mwanafunzi, na mwingine angefukuzwa jikoni asirudi. Alikwenda nyumbani akamenya vitunguu vyote vilivyokuwemo kikapuni, hata visivyokuwa na kazi. Alikasirika kwa uaminifu hadi jua lilipoanza kushuka. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kinamtekenya. Katika miaka yake yote ya dari alikuwa amejaribu kila namna ya kununua, ila hiyo hakuijaribu, wala hakumjua aliyeijaribu. Ukiwaachia watu anga, watakuja na ndoo? Au watapokea anga na mgongo utawauma?

Alimtuma mtoto wa jirani akamwite Neide. "Bado nasema ni upumbavu," alimwambia. "Ila nataka kuuona."

Jumapili, kabla watu hawajapanda juani, walimkuta Ozéas kwenye kistuli chake. Dona Zulmira hakuketi.

"Mzee, umeuza jua la watu mara mbili, na hii ingekuwa ya tatu."

Ozéas akaizungusha kofia mkononi. "Ningesema, nani angenunua?"

"Huyu hapa. Ameambiwa yote na bado amekuja, kwa hiyo mshangae na wewe. Lakini bei yako ni ya dari yenye anga, na hii anga yake uliigawa miguu ikiwa na saruji. Kwa hiyo shusha."

"Dona, tayari ni bei ya kuku."

"Shusha mpaka ya yai. Na utasimama kwenye ngazi, uwaambie kwa mdomo wako ule ule."

Alishusha. Na alisimama, akiwa ameshikilia ukuta, mbele ya milango yote ya kichochoro, akasema kwamba alichoahidi bado ni ahadi, kwamba jua linahamia ghorofa ya juu, na kwamba binti huyu ndiye atakayelichunga. Palmira naye alimtaja. Watu walimsikiliza. Hakuna aliyepiga makofi. Cremilda, kidole chake kimefungwa kitambaa safi, alisema neno moja tu, "Tutaona," akaingia ndani.

Wakahamishia viti nyumbani kwa Cremilda, vikajaa sebule yake hadi ikabidi apite upande upande kwenda jikoni. Ozéas akapanda basi la Paraíba. Fundi akapandisha kuta, na Neide akanunua dirisha la Talita kabla hata hajanunua mlango. Ngazi ya nje ikajengwa, nyembamba, imebana ukuta. Saruji, mchanga na kokoto vikamlia akiba iliyobaki. Ikafika siku ya zege.

Maharage yalikuwa motoni tangu kabla ya mapambazuko. Wanafunzi wa zamani wa Dona Zulmira walikuja kama ilivyokuwa ada yao: yule wa duka la dawa, dereva, ndugu wawili wanaonukia samaki. Wachache mno. Zege la paa humwagwa kwa mkupuo mmoja. Ukisimama katikati likakauka, pale paliposimama ndipo patakapovuja mpaka mwisho wa nyumba. Fundi aliegemea sepetu.

"Dona Neide, nikianza sisimami. Watu ndio hawa?"

Neide alitazama kichochoro. Milango imefungwa. Harufu ya maharage inateremka ngazi, peke yake.

"Ngoja kidogo," Dona Zulmira alimwambia.

"Nikingoja jua litachoma." Neide akamgeukia fundi. "Fundi, changanya."

Sepetu zikaanza kukwaruza. Ndoo za kwanza zikapanda, na wanaume wale wachache wakawa wanashuka mbio na kupanda wakihema. Dona Zulmira, na umri wake wote, alishika ndoo ikiwa nusu. Ndipo mlango wa Cremilda ukafunguka.

Cremilda alitoka kinyumenyume. Nyuma yake, kwa upande mwingine, Adauto kinyozi. Na katikati yao kile kiti kizito cha chuma. Milango mingine ikafunguka kidogo, vichwa vikachungulia. Wawili hao wakaanza kupanda ngazi ya nje na kiti, hatua kwa hatua.

"Mnafanya nini?" fundi akapiga kelele. "Zege linangoja!"

"Na lingoje!" Cremilda akajibu. "Tumeahidiwa ngazi. Nataka kujua kama ni ngazi ya watu au ya paka."

Kwenye kona kiti kilikwama. Kichochoro chote kikashika pumzi. Adauto akakiinamisha, chuma cha kichwa kikakwaruza ukuta mpya, Cremilda akamtukana kinyozi, kinyozi akamtukana Cremilda, na kiti kikapita. Wakakifikisha juu, penye mbao na nondo ambapo zege lilikuwa halijafika, wakakipumzisha kwenye kiraka cha ubao. Cremilda akapangusa jasho, akamtazama Neide.

"Kiti cha Adauto kimepita. Basi na mimi nitapita hata nikinenepa." Kisha akageukia chini, akapaza sauti iliyofika bondeni. "Mnangoja nini nyie? Ndoo ziko wapi?"

Wakaja. Walikuja na ndoo zao, madebe ya rangi, mabeseni, mmoja akaja na sufuria ya uji wa mtoto. Mstari ulianzia kwenye lundo la mchanga ukapinda hadi juu, na zege likawa linapanda mkono kwa mkono bila kugusa chini. Talita alikuwa kwenye dirisha lake lisilo na kioo bado, anataja majina ya kila anayepita. Zege lilipokwisha kusawazishwa, Cremilda alichukua sahani ya kwanza ya maharage, akaonja.

"Yule wa kwanza," alisema, "hakukosea chumvi. Wewe ndiye umekosea."

Wakacheka mpaka sahani zikamwagika.

Dona Zulmira hakucheka sana. Aliketi kwenye mfuko mtupu wa saruji, anamtazama Neide akipakua, na anahesabu moyoni si watu waliokuja bali wale ambao angeweza kuwa nao yeye, katika zile dari zake zote zenye anga. Swali lake lilikuwa limejibiwa, na lilikuwa limezaa jingine. Alingoja hadi Neide alipokaa karibu naye kupumzika.

"Kuna mwashi kijana, jina lake Genivaldo," alimwambia. "Kanijia jana. Anataka kununua dari kule Pedreira, nyumba ya njano karibu na kisima. Nzuri, ngumu. Mwenye nyumba anauza na anga, lakini hataki kuonana na mnunuzi mchana. Nimewaza tangu jana sipati jibu."

"Hataki mchana? Kwa nini?"

"Ndiyo nakuuliza. Genivaldo huyo sasa ni wako. Mfundishe wewe. Ila lile la anga usimwambie kama nilivyokuambia mimi. Mwambie aulize kwanza ni ya nani." Akatoa kikombe cha bati mfukoni, akakiweka gotini kwa Neide. "Nenda kesho."

Neide akakigeuza kikombe mkononi, akakirudisha kwenye goti la mwenyewe.

"Dona, hiki kinajulikana kuliko padri. Nitakwenda na mkoba wangu wa kucha."

Dona Zulmira akakitazama kikombe, akamtazama binti yule mwenye saruji hadi kwenye nyusi.

"Haya," alisema. "Anza na jirani wa upande wa kisima. Anatembea anachechemea. Na ukitoka huko usipitie popote, uje kwangu moja kwa moja unieleze."